Kipimo cha Mwaka Juzi

Anartz huunda baiskeli kumi na moja kwa mwaka.
Si kumi na mbili. Agosti hufunga karakana,
huenda pwani kwa dada yake, hashiki simu.

Nilimkuta nyuma ya kiwanda cha zamani cha cherehani,
na mvua ya Eibar ikinyesha, ile ya kwao,
manyunyu usiyoyaona mpaka yamefika mfupani.
Alinisimamisha ukutani bila viatu,
kitabu katikati ya mapaja, uti wa kitabu juu,
akapiga mstari kwa penseli.
Bega. Kiwiko. Upana wa kiganja.
Akaniuliza, ukiinama unafika wapi?
Nikaigusa sakafu kwa viganja viwili.
Akaandika.

Mimi kazi yangu ni meno ya bandia.
Kipimo nakijua: ni kinywa cha siku ile tu.
Ufizi hunywea. Huwaambia wazee, rudini
baada ya miezi sita tutazame tena.
Mganga hajigangi.

Lini? nikamuuliza.
Akafungua daftari. Majina yamekaa benchi
kama wagonjwa zahanati: padri wa Elgoibar,
mapacha wawili wa Bilbao,
Mjapani aliyelipa yote kwa mkupuo.
Dukani zipo za kaboni, nyeusi tii, zimefanana kama kunguru;
unaingia saa nne, saa tano uko barabarani.
Lakini nguo ya kuazima haisitiri,
na kila baiskeli ya dukani, kwa miguu yangu hii mirefu,
ilikuwa ya kuazima niliyoilipia.
Nikaandikwa.

Miezi ishirini na sita.
Katikati yake, ngazi yenye maji,
boksi la plasta mikononi,
na pingili moja ya kiuno iliyohama nyumba.
Wakanipasua, wakanishona. Sasa nikiinama
nafika magotini. Siku njema, chini kidogo ya magoti.

Halafu simu. Neno moja: Njoo.

Ilining'inia kwenye kulabu, haijapakwa rangi,
alumini tupu iliyosuguliwa kwa waya
hadi ikawa na mng'ao wa samaki aliyetolewa majini sasa hivi.
Mishono ya moto imelaliana kama sarafu.
Jina hakuna. Chini ya kiti tu, konokono mdogo
amegongwa kwa nyundo,
na ndani ya uma, mahali asipotazama mtu,
kijani cha pilipili mbichi.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kuilamba.

Nikapanda. Mikono ikautafuta usukani,
ikaukosa kwa vidole vinne.

Anartz alielewa kabla sijasema.
Chuma ningekipasha, akasema, kingenisikia.
Alumini haina msamaha; ukiikunja upya, inapasuka.
Kuna mtu Tolosa ataichukua leo jioni.
Wewe nikuandike tena.

Tena! Niliitazama.
Ilimkaa mwanamke mmoja tu duniani,
na huyo hakuja kuichukua.

Geuza shingo, nikamwambia.
Ile inayoinamia chini itazame juu,
na chini yake weka pete tatu.
Akafumba macho kama mtu aliyeambiwa
amvalishe bibi harusi ndala.
Alikaza bolti nne kimya, ya tano ikamponyoka,
tukaitafuta wote wawili kwa magoti,
mimi nikiugulia, yeye akilaani kwa Kibaski.

Jumapili, kwenye mlima wa Arrate,
wanaonipita husema, fremu nzuri hiyo,
kisha wanaiona shingo na kunyamaza.
Inafanana na mbuni anayechungulia ukuta.
Mmoja aliuliza inauzwa wapi.
Nikamwambia, Agosti hafungui.

Lakini kwenye mteremko mfupi wa kurudi,
nikijisahau, mikono hushuka yenyewe
hadi kule chini ilikopimiwa,
mgongo unalalamika, nami nahesabu.
Wiki iliyopita nilifika saba.
Jana tisa, na barabara ilikuwa na maji.